Leso Katika Chumba cha Giza

Mwezi uliopita Kiprono alinipigia simu kunialika Bomet, nyumbani kwa mama mkwe wake, ambako watoto walikuwa wamemwandalia mama yao sherehe ya shukrani kwa umri aliojaliwa. "Usikose," akaniambia. "Mama amesema kama Nyambura hakuji, basi hata hiyo ng'ombe iachwe." Nani angetaka kulaumiwa kwa ng'ombe kuachwa? Nilienda. Nilimkuta Mama Chelangat ameketi mbele kabisa ya hema, amependeza, akanishika mkono akakataa kuuachilia hata wakati wa maombi. Kiprono, mkwe wake, alikuwa upande wa pili na wazee wenzake, amegeuka kidogo ili wasitazamane, kama inavyotakiwa kwao. Watu hawa wawili wanapendana kuliko watu wengi wa ndoa ninaowajua, na sijawahi kuwaona wakila meza moja. Mama mmoja wa kanisa, jirani yangu wa kiti, aliniuliza nilijuanaje na mwenye sherehe. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja zamani, tulikuwa tunapiga picha za dawa ikiingia ndani ya seli za ubongo na kutoka. "Hapa kwetu?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, hapo Kericho, katika stoo ya unga. Alicheka, nami nikacheka, maana hata mimi mwenyewe nikilisema hivyo kwa sauti silisadiki.

Nilikotoka na jinsi nilivyofika chuo kikuu ni hadithi nyingine, na si ya kuchekesha. Hapa nataka kukumbuka mwaka mmoja tu, mwaka nilioupenda kuliko yote, na nyumba moja. Ilikuwa nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la chai, nje kidogo ya mji wa Kericho, yenye bustani iliyomea ovyo na chai iliyokatwa sawasawa kuanzia kwenye ua hadi upeo wa macho. Profesa wetu, mzaliwa wa Bomet aliyerudi kutoka ng'ambo na hadubini moja ya leza na ukaidi usiopimika, alikuwa ameikodi. Jiko lilijengwa mbali na nyumba kubwa, kama walivyopenda kujenga wazungu wale ambao hawakutaka kunusa kitunguu kabla ya chakula kufika mezani. Jiko hilo ndilo tulilolifanya chumba cha kuoteshea seli, na humo Mama Chelangat alitawala. Alikuwa fundi wa maabara aliyesomea kazi yake na kuifanya hospitalini miaka mingi kabla ya Profesa kumnyakua. Stoo ya chakula ya nyumba kubwa, isiyo na mwanga ila kidirisha kimoja cha mbao kinachotazama jikoni, ikawa chumba cha giza cha hadubini. Humo alikaa Kiprono, kijana wa Kapsoit, mrefu, mpole, mwenye macho ambayo yangeweza kuona sindano ndani ya gunia la majani chai. Mimi nilikuwa mwanafunzi. Kazi yangu ilikuwa kubeba, kuosha, kuandika, na kuuliza maswali mengi kuliko yaliyohitajika.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Niliwahi kumweleza mama aliyetuletea mboga naye akaelewa, ingawa alisema afadhali yeye na sukuma wiki zake. Kuna magonjwa ya ubongo ambamo seli za neva hujaa protini iliyoharibika, ikajisokota ndani ya seli hadi seli ikachoka kufanya kazi. Wataalamu wametengeneza kingamwili, yaani wale walinzi wa mwili, kama dawa ya kuikamata protini hiyo. Lakini je, dawa hiyo inaingia kweli ndani ya seli, au inabaki mlangoni? Na ikiingia, inaondoka pamoja na taka iliyoikamata, ikasagwa na kumalizika, au inakwama humo nayo ikawa taka nyingine? Hayo ndiyo maswali ya Profesa. Tulifunga kingamwili kwa rangi ya kijani inayong'aa ikimulikwa na leza, tukaitia kwenye kisahani chenye seli hai za neva za panya, tukapiga picha moja baada ya nyingine ili tupate filamu. Miezi ya mwanzo hatukupata filamu, tulipata fujo. Kila seli ilimeza dawa kwa wakati wake. Vidoa vya kijani vilikuwa kila mahali, na hatukujua kipi kinaingia na kipi kinatoka, kama mtu aliyepiga picha ya soko la Kapsoit saa sita mchana halafu aulizwe nani amefika sasa na nani anaenda nyumbani.

Na hatukuwa na muda wa kuchezea. Waliotupa pesa walikuwa wamesema wazi kwamba watakuja mwisho wa mwaka. Wakikuta filamu inayoonyesha dawa ikiingia na kuondoka, maabara itaendelea nami nitamaliza shahada yangu. Wasipoikuta, hadubini itafungwa sandukuni ipelekwe Nairobi na kila mmoja wetu atafute njia yake. Mimi nilikuwa nimeshatangaza kwetu Kipkelion, walikohamia wazazi wangu kutoka Murang'a, kwamba nafanya kazi ya ubongo. Mama yangu aliwatangazia wanakwaya wote. Ningerudi na uso gani?

Mwanzoni mwa mwaka chumba cha giza kilikuwa na raha yake. Kupiga picha za seli hai kulihitaji watu wawili bega kwa bega, mmoja macho kwenye skrini na mkono kwenye kitufe cha kulenga, mwingine wa kudondosha maji ya uvuguvugu na kubadilisha visahani bila kuitikisa meza. Wa kulenga alikuwa Kiprono. Mkono wa kudondosha ulikuwa wa Mama Chelangat, maana mimi nilikuwa nimejaribu nikamwaga, nikajaribu tena nikamwaga zaidi. Nikipita nje nilisikia wakicheka humo gizani. Mama alimtania Kiprono kwamba amekonda, kwamba anahitaji mke wa kumpikia. "Mimi nangoja tu mama mzuri anipee binti," Kiprono alijibu, na Mama akacheka sana, hajui kijana anasema ukweli mtupu. Binti yake, Chelangat, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Bomet, na Kiprono alikuwa akienda huko kila Jumamosi kwa kisingizio cha mpira.

Mvua za masika zilipoanza, wazee wa Kiprono wakaenda kwa kina Mama kwa koito, ile siku ya kuposa na kukubaliana mambo ya ng'ombe. Nilialikwa. Nilikunywa mursik, yale maziwa ya kuganda ya kibuyuni, hadi masharubu yakanimea, na sijawahi kuona watu wakifurahi vile. Jumatatu yake nilitayarisha kila kitu, nikaenda jikoni kumwita Mama.

"Mama, Kiprono ako tayari. Anakungoja."

"Wacha angoje. Mimi siwezi ingia huko tena."

"Kwani mmekosana?"

Alicheka hadi akaishika meza. "Tukosane na nini? Huyo sasa ni mtoto yangu. Ndio maana siwezi kaa na yeye kwa giza, magoti yetu ikigusana. Nyinyi watu wa Murang'a mnasalimia mkwe na mkono, mnakula na yeye kuku. Sisi hapana, Nyambura. Hiyo ni heshima."

Nilikimbilia kwa Profesa nikidhani atatoa amri. Alikuna kichwa, akatazama chai kupitia dirishani, akakuna tena. "Sasa mimi nitamwambia nini?" akasema. "Hata mimi mama mkwe wangu sijawahi kumshika mkono. Akija kwetu mimi naenda kuangalia ng'ombe." Basi hilo likaishia hapo.

Tangu siku hiyo nikawa daraja. Mama alitayarisha kisahani jikoni, nami nikakivusha uani hadi stoo. Kiprono akitaka kitu, nilivuka. Mama akijibu, nilivuka. Chai ya saa nne ilinywewa mara mbili, kikombe kimoja jikoni na Mama, kingine barazani na Kiprono, kwa sababu kila mmoja alinikaribisha na sikuwa na adabu ya kukataa. Nilinenepa. Na nilisikia mambo! Jikoni niliambiwa mkwe huyu ana nidhamu, hajui tu kuvaa sweta, mwambie avae sweta. Barazani niliambiwa mama huyu anafanya kazi sana, mwambie apumzike, usiseme ni mimi. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mapenzi ni maneno matamu ya simu. Sasa naona kwamba nilikuwa nikiyabeba mikononi kila siku uani, na kwa sehemu kubwa yalihusu sweta. Lakini filamu hatukupata. Nilidondosha mimi, na matone yangu yaliisogeza seli nje ya picha kila mara, na Kiprono alikuwa mpole mno kunikaripia.

Mwezi wa Julai niliitwa chuoni kujiandikisha upya. Asubuhi moja, mimi nikiwa bado njiani kurudi, likatokea jambo ambalo nililisikia mara mbili siku hiyohiyo, kwanza jikoni, halafu barazani, nami nitaliweka kama nilivyolipokea. Ilikuwa baridi ile ya Kericho ya ukungu, ambayo ukitoa pumzi unaiona. Mama alikuwa amekwisha kutia dawa kwenye kisahani. Hakuwa na wa kukivusha, akakivusha mwenyewe hadi kwenye kidirisha cha stoo na kukiweka juu ya ukingo wa mawe, akabisha ubao.

"Nikasema siwezi acha hiyo kitu peke yake," Mama alinieleza. "Kunguru wa hapa unawajua. Nikasimama hapo nikingoja achukue ndio niende."

Na Kiprono: "Nilifungua kidogo nikaona mama amesimama. Nikafunga pole pole. Ningetoa mkono aje na yeye ako hapo karibu hivyo? Nikangoja aende ndio nichukue."

Basi wakangojana. Huku nje Mama amefunga leso kichwani, anaruka mguu huu na ule kwa baridi. Huku ndani Kiprono amekaa gizani na mikono mapajani. Kati yao ubao wa mbao, na juu ya mawe yaliyojaa umande, kisahani cha seli za neva ambacho kila kitabu kinasema kiwekwe kwenye joto la mwili. Muda uliopita ungetosha kusonga ugali na kuula. Mwishowe Mama aliitwa kwenye simu nyumba kubwa, na papo hapo mkono wa Kiprono ukatoka ukakivuta kisahani ndani. Alijua kimeharibika. Lakini hakuwa na kingine cha kufanya asubuhi hiyo, akaosha dawa iliyozidi kama kawaida, akakiweka chini ya lenzi, akawasha kibao cha kupasha joto.

Alichoona alinionyesha nilipofika, na nikifumba macho bado nakiona. Kila seli ilikuwa na mstari mwembamba wa kijani ukingoni, matawi yake yote yamechorwa, na ndani giza tupu. Hakuna iliyokuwa imemeza. Halafu kadiri kibao kilivyopasha joto, kijani kikaanza kubonyea ndani, kidoa hapa, kidoa pale, seli zote kwa pamoja, kama wanafunzi wakisikia kengele. Kiprono alipiga ukelele uliomfanya Mama aache simu ikining'inia, akakimbia hadi mlango wa stoo, akakumbuka, akageuka akakimbia kurudi.

Profesa alielewa hata kabla ya picha kwisha. Seli kwenye baridi haimezi. Dawa inaishikilia kwa nje na kungoja. Ukiosha iliyobaki na kuipasha seli joto, milango yote inafunguka wakati mmoja, na unaona kuingia tangu mwanzo. Ujanja huo haukuwa mgeni duniani. Alikiri kwamba aliusoma zamani, ila aliogopa baridi ingeua seli zetu, ambazo zilikuwa dhaifu kama vifaranga. Hazikufa. Kuanzia hapo tukaacha ukingo wa dirisha tukatumia barafu, niliyoinunua mjini kwa muuza samaki wa Kisumu, na nyumba nzima ikanuka mbuta hadi Krismasi. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena, ya kubeba ndoo ya barafu yenye magamba ya samaki huku nikiimba.

Kuingia tulikuwa nako. Kutoka ndiko kulikotutesa. Kijani kiliingia asubuhi, kikakusanyika kwenye vile vifuko ambamo seli husagia taka zake, na alasiri kikafifia. Sisi tukapiga makofi. Profesa hakupiga. "Nani ataniambia imesagwa kweli," akauliza, "au ni leza yetu imeichosha rangi? Kitambaa kikianikwa juani kinapauka. Hakijaenda mahali." Alikuwa sahihi, nikamchukia kwa siku nzima. Njia ilikuwa moja, kuandaa visahani pacha. Kimoja kipigwe picha mchana kutwa. Kingine kikae kwenye joto lilelile lakini gizani, kisiguswe na leza, halafu dakika za mwisho kibadilishwe chini ya lenzi bila kupoa na bila meza kutikisika. Kikiwa bado kinang'aa, basi tulijidanganya, ni leza tu. Kikiwa na giza, dawa imeondoka. Kwa mikono yangu haikuwezekana. Tulijaribu, nikamwaga.

Chelangat alikuja kumtembelea mama yake wiki ile ya mwisho kabla ya wageni waliotupa pesa kufika. Alitukuta jikoni tumekunja nyuso, akauliza kuna msiba gani, nikamweleza. Bibi harusi mtarajiwa alicheka hadi akakaa chini, kisha akavua leso yake mabegani. "Si mtundike hii katikati?" akasema. "Mama akae huku, yeye akae huko. Nani atasema mmekaa pamoja?" Mama aliishika leso, akaipima kwa vidole, akaitazama kwenye mwanga.

"Hii si ukuta," akasema. Akafikiri. "Lakini pia huwezi sema hakuna kitu."

Tukaitundika siku hiyohiyo kwa misumari, na katikati, pale leso ilipoishia, wakaniweka mimi kwenye kigoda, goti moja upande huu na goti jingine upande ule. Maneno yote yalipitia kwangu, ingawa wangeweza kusikiana wakipumua.

"Mwambie aniambie akiwa tayari," Mama akasema.

"Anasema umwambie ukiwa tayari."

"Mwambie niko tayari."

"Anasema yuko tayari."

"Nimesikia," Mama akasema, "lakini nilikuwa nangoja wewe."

Siku ya mwisho, wageni wakitarajiwa kesho yake, tulianza mapema. Kuingia kulikwenda vizuri. Tulikula mahindi ya kuchemsha zamu kwa zamu. Alasiri kijani kikafifia, kikawa kivuli cha kijani, kikaisha. Profesa alikuwa barazani, hakuthubutu kuingia, tulimsikia akitembea. Mama akafunika kisahani pacha kwa kitambaa cheusi, akakishika viganjani, na nikavuta pumzi ili nianze kupitisha maneno. Hapo ndipo mvua ya mawe ilipoanguka. Mvua ya mawe ya Kericho haianzi polepole. Mabati yalinguruma. Hadubini ilikuwa juu ya nguzo yake ya saruji, haikutikisika, ila masikio yangu yalizimika kabisa.

Nilimwona Mama akisema kitu. Nikampigia Kiprono kelele, hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, mkono kwenye kitufe, na kama angeuondoa tungepoteza siku nzima. Nikampigia Mama kelele, akatikisa kichwa, hasikii. Kisahani kilikuwa kikipoa mikononi mwake. Kila kitu tulichokifanya mwaka ule kilikuwa ndani ya viganja viwili vya mama mmoja, nami nilikuwa nimefungua mdomo bila faida. Nilikata tamaa kabisa, nalisema wazi.

Mama Chelangat alitazama paa. Akatazama leso. Kisha akainua upindo wake kidogo, akapeleka mdomo karibu nayo, akasema kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto kutoka ng'ambo ya mto:

"Mwanangu! Naleta! Toa hiyo ingine!"

Kiprono alishtuka, nikaona bega lake likiruka, lakini mkono kwenye kitufe haukutikisika. Kwa mkono wa kushoto akatoa kisahani cha kwanza. Mkono wa Mama ukapita chini ya leso, bila kumgusa, ukakiweka cha pili mahali pake kwa utulivu ambao sijauona tena maishani. Ukarudi. Leza ikawaka. Kiprono akainama mbele ya skrini. Mawe yakaendelea kunguruma juu yetu.

"Imetoka?" Mama akauliza.

Kiprono alikuwa bado anatafuta, anashusha lenzi, anapandisha.

"Mwanangu, ambia mimi. Imetoka?"

"Imetoka, mama!" Akainua uso kutoka kwenye skrini. "Hata hii imetoka! Seli ziko hai, zote, na ndani ni giza. Giza safi, mama!"

Mama akapiga vigelegele upande wake wa leso, na mkwe wake akapiga meza upande wake, wakaanza kusemeshana wote wawili kwa Kikipsigis, kwa sauti, haraka haraka, juu ya kelele za mawe, maneno ya miezi yote ile. Nami nilikuwa katikati yao kwenye kigoda, nalia na kucheka, sina ujumbe wa kumpelekea mtu yeyote.